Ushonaji wa viraka

Ushonaji wa viraka ni ufundi wa kuunganisha vipande vidogo vya kitambaa kwa sindano na uzi ili kupata kitambaa kimoja kikubwa zaidi. Kitambaa hicho hutumika kutengenezea foronya, mfuko, kitambaa cha meza, blanketi la mtoto mchanga na vitu vingine vya nyumbani. Vipande vinavyotumika ni mabaki ya fundi nguo baada ya kukata gauni, shati au sare ya shule, au sehemu nzima za nguo zilizochakaa.

Kazi hii hufanyika kwa mkono au kwa cherehani. Ile ya mkono huhitaji sindano, uzi na mkasi tu, kwa hiyo inaweza kufanyika hata katika nyumba isiyo na umeme wala cherehani. Katika miji ya Tanzania kama Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, malighafi yake hupatikana karibu na kila baraza lenye fundi cherehani.

## Jina

Kiraka ni kipande cha kitambaa, ngozi au bati kinachotiwa mahali palipotoboka. Kutokana na maana hiyo neno limepata matumizi mengine. Barabara ya lami yenye mashimo huzibwa viraka, na sheria iliyorekebishwa mara nyingi husemwa kuwa ina viraka. Katika soka, "mchezaji kiraka" ni yule anayeweza kucheza nafasi yoyote atakayopangwa na kocha. Hiyo ni sifa, si dharau.

Kitambaa chenye tabaka mbili au zaidi zilizoshonwa pamoja, katikati kukiwa na pamba au kijazio kingine, huitwa mfarishi. Mfarishi unaweza kuwa wa kitambaa kimoja kizima au wa viraka. Tambara ni kitambaa kilichochakaa, ambacho mara nyingi huishia kuwa cha kufutia au kupigia deki.

## Historia

### Nguo za magome

Kutia kiraka hakukuanza na nguo za viwandani. Nchini Uganda, Wabaganda hutengeneza olubugo, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba. Gome hugongwa kwa nyundo za mbao hadi liwe jembamba, pana na laini. Likitoboka, tundu hukatwa vizuri na kuzibwa kwa kipande cha gome kinachoshonwa kwa mkono. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi huo kuwa sehemu ya urithi wa binadamu.

### Leso na khanga

Khanga, vazi linalojulikana zaidi katika Afrika ya Mashariki, lina asili inayohusiana moja kwa moja na kuunganisha vipande. Jina lake la zamani, ambalo bado linatumika Mombasa, ni leso, neno lililotoka katika Kireno likiwa na maana ya kitambaa cha mkononi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, leso za mraba zenye michoro ziliuzwa pwani zikiwa bado hazijakatwa kutoka kwenye jora. Inasimuliwa kwamba wanawake walinunua leso sita, wakazikata katika safu mbili za leso tatutatu, kisha wakazishona safu hizo ubavu kwa ubavu. Walipata nguo moja pana ya kujifunga, yenye mpangilio ambao haukuwahi kuuzwa dukani.

Wafanyabiashara walipoona mtindo huo umependwa, waliagiza nguo nzima iliyochapwa tayari kwa ukubwa huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 khanga zilianza kuandikwa maneno, na mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, ndiye anayetajwa mara nyingi kuhusiana na desturi hiyo. Hadi leo khanga huuzwa kwa doti, yaani mbili zikiwa zimeshikana, na mnunuzi huzikata na kuzipinda mwenyewe au kumpelekea fundi.

### Kusini mwa Tanzania

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Kilwa kuelekea Ziwa Nyasa ilipita katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Ruvuma. Miongoni mwa bidhaa zake kuu zilikuwa nguo: merikani, kitambaa kigumu cha pamba kilichopata jina lake kutokana na Marekani kilikotoka kwanza, na kaniki, kitambaa cha rangi ya buluu iliyoiva hadi kukaribia nyeusi. Nguo hizo zilitumika pia kama fedha. Kwa sababu ya thamani hiyo, kipande hakikutupwa hovyo.

Chini ya utawala wa Wajerumani watu wa kusini walilazimishwa kulima pamba. Chuki dhidi ya kilimo hicho ilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi na kufika hadi Ungoni. Mji wa Songea unaitwa kwa jina la nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Makumbusho ya Majimaji yapo mjini humo.

Baada ya uhuru Tanzania ilijenga viwanda vya nguo, kikiwemo cha Urafiki jijini Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Hata hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikumbwa na uhaba mkubwa wa bidhaa. Khanga, vitenge na vitambaa vya sare vilipatikana kwa foleni, na nguo zenye viraka zilionekana kila mahali, shuleni na ofisini. Wengi walioishi wakati huo bado wanakihusisha kiraka na shida, na hii ni sababu mojawapo ya baadhi ya watu kuona haya kuvaa nguo iliyotiwa kiraka.

Biashara ilipolegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, mitumba ilienea nchini. Bei ya nguo ilishuka, na haja ya kuzibaziba nguo ikapungua. Lakini mabaki ya vitambaa yaliongezeka, kwa kuwa mafundi cherehani waliendelea kushona sare na nguo za vitenge, huku wengine wakipunguza na kurekebisha mitumba.

## Mifano ya ng'ambo

Nchini India, hasa katika jimbo la Karnataka, wanaishi Wasidi, jamii yenye asili ya Afrika ambayo mababu zake walivushwa Bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wa Kisidi hushona kwa mkono mifarishi iitwayo kawandi kutokana na nguo kuukuu. Mshonaji huanza pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, akiongeza kipande kimoja baada ya kingine, bila kuchora wala kupima kwanza. Katika pembe nne huweka vipande vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo phula, yaani maua. Mfarishi usio na maua hayo huhesabiwa kuwa haujakamilika.

Nchini Sudan, wafuasi wa Mahdi katika miaka ya 1880 walivaa jibba yenye viraka kuonyesha kwamba wameacha anasa za dunia. Baada ya muda viraka hivyo vilipangwa kwa ulinganifu na rangi maalumu, na jibba ikawa sare ya jeshi lao.

Nchini Marekani, wanawake Weusi wa Gee's Bend, Alabama, walishona mifarishi kutokana na nguo za kazi za shambani ili familia zisione baridi. Mwaka 1966 walishiriki kuanzisha ushirika wa kuiuza, na mwaka 2002 mifarishi yao ilionyeshwa katika jumba la makumbusho ya sanaa mjini Houston. Tangu hapo kazi hizo zimehesabiwa kuwa sehemu ya sanaa kubwa ya nchi hiyo.

## Songea

Manispaa ya Songea iko kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha hasa kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi ya Juni na Julai ina usiku wa baridi, na baridi huzidi kuelekea milima ya Umatengo wilayani Mbinga. Kwa sababu hiyo blanketi jepesi la mtoto, kofia na soksi ni mahitaji ya kila mwaka, tofauti na miji ya pwani.

Mafundi cherehani hukaa kwenye baraza za maduka na katika masoko. Mabaki yao ni ya aina tatu. Kuna vipande vya vitenge na khanga, ambavyo vingi ni vya pamba. Kuna mabaki ya sare za shule, hasa ya rangi nyeupe, buluu na nyeusi, ambayo mara nyingi yamechanganywa pamba na nyuzi za kiwandani. Mwisho kuna vipande vya bitana na vya vitambaa vinavyoteleza, ambavyo havifai kwa kila kazi. Baadhi ya mafundi huyatoa mabaki bure, wengine huyauza kwa mfuko, na mengine huchomwa pamoja na takataka.

Ushonaji hufundishwa kwa njia kadhaa. Njia ya kwanza ni nyumbani, ambako mtoto hujifunza kutunga uzi na kurudishia kifungo kwa kumtazama mama, shangazi au bibi. Njia ya pili ni shuleni. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilisisitiza kazi za mikono, na masomo kama Sayansi Kimu na baadaye Stadi za Kazi yalijumuisha kushona na kudarizi. Njia ya tatu ni vyuo vya ufundi, vikiwemo vya VETA na vya mashirika ya dini. Peramiho, karibu na Songea, wamisionari Wabenedikto waliofika mwaka 1898 walijenga karakana za ufundi wa aina mbalimbali. Zaidi ya hayo, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, huwapa mafunzo wajasiriamali wadogo.

## Vifaa

* Sindano nyembamba kwa khanga na vitambaa laini, na nene kidogo kwa jinzi na tabaka nyingi.
* Uzi wa pamba au wa kiwandani. Urefu unaofaa ni kama sentimita 45, yaani kutoka ncha za vidole hadi kiwiko. Uzi mrefu zaidi hujiviringisha na kufunga vifundo. Kuupitisha juu ya nta ya nyuki huuimarisha na kuupunguzia kujisokota.
* Mkasi mkali usiotumika kukatia karatasi.
* Kastabini, kifuniko cha kidole cha kati kinachosaidia kusukuma sindano. Asiyekuwa nacho hutumia kipande cha ngozi.
* Pini, rula na chaki. Badala ya chaki, kipande kikavu cha sabuni huchora vizuri juu ya kitambaa cheusi na hutoka kikifuliwa.
* Kielelezo cha karatasi ngumu, kwa mfano ya boksi, kilichokatwa kwa kipimo cha kipande kimoja.
* Pasi ya mkaa au ya umeme.

## Kuchagua na kuandaa vitambaa

Kitambaa cha pamba ndicho rahisi zaidi kwa anayeanza, kwa kuwa hakitelezi, hupigwa pasi kikatulia na hunyonya maji. Ili kujua aina ya kitambaa, nyuzi chache huchomolewa na kuchomwa nje ya nyumba, zikiwa zimeshikwa kwa koleo au kibano. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Nyuzi za kiwandani kama poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Vipande vyote hufuliwa kabla ya kukatwa. Kitambaa kipya cha pamba huweza kuruka, na vitenge vingine huchuja rangi. Kipande kikiruka baada ya kushonwa pamoja na vingine, kazi nzima hujikunja. Chenye rangi inayochuja hulowekwa peke yake na kusuuzwa hadi maji yawe safi.

Kipande hukatwa kwa kufuata nyuzi za mtande na za mshindio, yaani zile za urefu na za upana. Kikikatwa kwa mshazari huvutika, na mraba hugeuka kuwa umbo lisiloeleweka. Vitambaa vya uzito unaolingana huwekwa pamoja, kwa sababu kipande cha jinzi kikishonwa na cha khanga, khanga huchanika kwanza.

## Mishono

Bandi ni mshono wa muda wenye hatua ndefu. Hushikilia vipande visihame na hutolewa kazi ikikamilika.

Mshono wa kupenyeza ndio wa msingi katika kuunganisha viraka. Sindano huingia na kutoka kwa hatua ndogo zinazolingana, kama milimita 2 hadi 3. Kila baada ya hatua chache mshonaji hurudi nyuma hatua moja ili uzi ukikatika mahali pamoja mshono wote usifumuke.

Mshono wa kurudi nyuma ni imara zaidi. Sindano hurudi hadi mwisho wa hatua iliyopita, na upande wa juu huonekana mstari usiokatika kama wa cherehani. Hufaa mikanda ya mifuko na sehemu zinazovutwa.

Mshono wa pindo hushika ukingo uliokunjwa mara mbili, sindano ikichukua nyuzi moja au mbili tu za kitambaa cha juu.

Mshono wa blanketi huzunguka ukingo kwa vitanzi na huzuia nyuzi kuchomoka.

## Mfano: foronya ya viraka 16

Foronya ya mto wa kochi wenye sentimita 40 kwa 40 ni kazi inayofaa kwa anayeanza. Kila mraba ukishashonwa huwa na sentimita 10, lakini hukatwa kwa sentimita 12 ili kuacha sentimita 1 ya mshono kila upande.

1. Miraba 16 hukatwa kwa kielelezo kimoja na kupangwa chini, safu 4 za miraba 4, ikibadilishwa hadi rangi zikubaliane.
2. Miraba ya kila safu huunganishwa, uso kwa uso, kwa mshono wa kupenyeza.
3. Mishono hupigwa pasi, safu ya kwanza ikilazwa kulia, ya pili kushoto, na kuendelea hivyo. Safu zinapokutana, mishono haikai juu ya mwingine na pembe hulingana.
4. Safu nne huunganishwa. Pini hutiwa kwanza kwenye makutano ya miraba, kisha katikati yake. Uso wa foronya sasa una sentimita 42 kwa 42.
5. Kwa mgongo hukatwa vipande viwili vya sentimita 42 kwa 30. Ukingo mmoja mrefu wa kila kipande hupindwa kwa sentimita 2.
6. Vipande vya mgongo huwekwa juu ya uso wa foronya, kingo zilizopindwa zikipishana katikati kwa sentimita 14, na kushonwa pande zote nne kwa mshono wa kurudi nyuma. Foronya hugeuzwa kupitia nafasi hiyo, ambayo hutumika pia kuingizia mto bila zipu wala vifungo.

Kosa la kawaida ni kutofautiana kwa upana wa mishono. Milimita 2 zikizidi kila upande wa mraba, safu ya miraba minne hupungua kwa zaidi ya sentimita 1, na safu hazitakutana.

## Vitu vingine vidogo

Kitambaa cha kuepulia sufuria huwa na sentimita 20 kwa 20, tabaka mbili za viraka na katikati vipande vya taulo au blanketi kuukuu. Vitambaa vyote, pamoja na uzi, huwa vya pamba, kwa kuwa poliesta huyeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Blanketi la mtoto mchanga la sentimita 70 kwa 90 huhitaji miraba 63, safu 9 za miraba 7. Chini huwekwa blanketi kuukuu lililofuliwa na bitana ya khanga laini, kisha tabaka tatu hushonwa pamoja kwa mistari inayopita juu ya mishono. Vifungo na shanga haviwekwi, kwa sababu mtoto anaweza kuving'oa na kuvimeza.

Mfuko wa sokoni hupata haja zaidi tangu Juni 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki. Vipande vya jinzi vinafaa, na mikanda hushonwa mara mbili.

Mwanasesere na mpira wa matambara hutumia vipande vidogo mno visivyofaa kwa kazi nyingine. Vipande hivyo pia hujaza mito badala ya sufi.

## Taulo za kike za kufua

Matumizi yenye uzito wa pekee ni kushona taulo za kike. Msichana asiye na uwezo wa kununua taulo za dukani huweza kukosa masomo siku kadhaa kila mwezi, au kukaa darasani kwa wasiwasi. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, lakini mwaka 2019 kodi hiyo ilirudishwa kwa maelezo kwamba bei madukani haikuwa imepungua. Shule na vikundi mbalimbali nchini vimewafundisha wasichana, na pengine wavulana, kujishonea.

Taulo huwa na tabaka tatu. Linalogusa mwili ni la pamba laini, jipya au lililofuliwa vizuri. La katikati ni la taulo au flana inayonyonya. La chini ni kitambaa kisichopitisha maji kwa urahisi. Mabawa mawili hufungwa kwa kifungo chini ya chupi. Taulo iliyotumika hulowekwa katika maji baridi, kwa kuwa ya moto hugandisha damu, kisha hufuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani hadi ikauke kabisa. Kuianika mafichoni chini ya nguo nyingine huiacha na unyevu na huweza kuleta maradhi. Kwa hiyo mafunzo haya hayafaulu pasipo maji, sabuni na familia isiyomwonea msichana haya.

## Faida na mipaka

Ushonaji wa viraka hupunguza taka na matumizi ya nyumba, na hufundisha kupima, kuhesabu na kuvumilia. Poliesta inayochomwa hutoa moshi wenye madhara, hivyo kila kipande kinachopata kazi ni moshi uliopungua.

Kama biashara, kazi ya mkono ina mipaka. Foronya moja huchukua saa nyingi, na mnunuzi huilinganisha bei yake na ya foronya ya kiwandani au ya mtumba. Wanaofanikiwa kuuza kwa kawaida huunganisha vipande kwa cherehani na kuacha mkono kwa pindo na mapambo. Vilevile hutengeneza vitu ambavyo kiwanda hakivitoi, kama mifuko ya vitenge. Kwa familia nyingi faida kubwa hubaki ile ya ndani ya nyumba: kitu kinachohitajika kimepatikana bila fedha kutoka mfukoni.

## Tazama pia

* Cherehani
* Kanzu
* Khanga
* Kitenge
* Mitumba
* Pamba
* Songea
* Vita vya Majimaji